Kimya Alichokiomba Pimbi

Zamani wanyama walipoanza kupangiwa mitaa, Nguchiro alikuwa mkunga, akizalisha wenzake nyumbani kwake. Jirani yake Pimbi alichoshwa na vilio vya wanaojifungua, akaenda kwa Ngiri, mwenyekiti wa mtaa.

"Mzee, haya ni makazi. Kazi zifanyiwe sokoni."

Ngiri akakubali, na Nguchiro akahamishia kazi yake sokoni, ng'ambo ya bonde.

Siku mke wake aliposhikwa na uchungu, Pimbi alibisha kwa jirani, akabisha tena na tena. Ndipo akakumbuka, akakimbilia sokoni.

"Mbona umechelewa, ndugu yangu?" Nguchiro aliuliza huku akichukua mkoba.

"Nilianza kwako, dada."

Walipofika, Pimbi alitega sikio mlangoni. Hakumsikia mama, hakumsikia mtoto. Ndani mlikuwa na kimya kilekile alichokwenda kukiomba kwa Ngiri.