Doti ya Kileleni

"Kamlima ni kafupi, ila kamesimama kama ukuta," alisema Kidawa, akipakia maji kikapuni. "Tukitoka alfajiri, saa tatu tuko juu."

Katika mji ule, mashoga wawili waliogawana doti moja ya kanga huenda kuzifunga pamoja kileleni, na tangu siku hiyo huitwa ndugu.

"Lete yako, Zuena, niikunje na yangu."

"Nimeifua, shoga. Iko uani, haijakauka. Nitakuja nayo kesho."

"Ngoja niiangalie."

Kamba ya uani ilikuwa tupu. Kidawa akainua macho mlimani. Kule kileleni ilipepea kanga nyekundu, imefungwa na ya kijani. Yake, nyekundu vilevile, ilikuwa bado begani.

Ndani, kisu cha Zuena kilichokuwa kikimenya mihogo kikanyamaza.