Shimo la Muhanga

Enzi za Mfalme Nyati, wanyama waliishi kwa amri moja iliyowatisha kuliko zote: atakayewaza kifo cha mfalme, hata kimoyomoyo, ni haini, na atatupwa mtoni kwa mamba. Mwendesha mashtaka alikuwa Mbweha, naye hakukaa bure. Siku moja alimburuta Muhanga barazani.

"Mtukufu, huyu amekuchimbia kaburi," alisema. "Nimelipima mwenyewe. Pembe zako zinaingia bila kugusa ukingo."

Muhanga, ambaye tangu azaliwe kazi yake ilikuwa kuchimba, alijipangusa udongo puani.

"Mtukufu, nilikuwa nafuata mchwa. Walikimbilia chini, nami nikawafuata, sikuwaza kingine. Ila naomba nimuulize Bwana Mbweha. Ulipokuwa unapima, ulimwona nani amelala mle?"

"Mfalme," Mbweha alijibu upesi, kwa fahari. "Nilimwona waziwazi, amekakamaa, amefumba macho."

Nyati akamgeukia taratibu.

"Amefumba macho," alirudia.

Mbweha alipelekwa mtoni kabla ya jua kutua. Mfalme akauliza nani atashika nafasi ya Mbweha, lakini wanyama wote waliinamisha vichwa, maana kila mmoja alikuwa ameshamwona Nyati shimoni kimoyomoyo, tena kwa kila kipimo alichotaja Mbweha. Nyati naye alikuwa amejiona. Amri ile haikutajwa tena.

Muhanga alirudi kwenye shimo lake, akaendelea kuchimba pale alipoachia.