Kikao cha Kumbatilisha Mchungaji

Kikao kilikwama kwenye mvua.

Miaka minne nyuma, wakati wa ukame, Mchungaji aliongoza maombi, na kesho yake mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Sasa wazee wanne wa kanisa walikuwa wameizunguka meza ya ofisi, chai imepoa vikombeni, wakitaka kujua: kama Mchungaji ni batili, ile mvua iwe vipi?

"Ilishanyesha," alisema fundi bomba. "Tutairudisha na nini?"

"Iandikwe kwamba ilinyesha kwa hiari yake," alisema Mwenyekiti. "Katibu, andika."

Katibu akaandika.

Yote yalianza Jumapili. Katikati ya matangazo, baada ya zamu za usafi na kabla ya mazoezi ya kwaya, Mchungaji alisema, kwa sauti ile ile ya matangazo, kwamba moyo wake huwapenda wanaume, si wanawake; kwamba miaka yote kumi na tisa aliyowachunga ameishi peke yake, na amechoka kujificha. Kisha akaendelea: kwaya, Jumatano, saa kumi jioni, wasichelewe.

Hoja ya Mwenyekiti ilikuwa fupi. Mchungaji avuliwe uchungaji, ahame nyumba ya kanisa kabla ya Ijumaa, na kila alichokifanya kwa miaka kumi na tisa kihesabiwe hakikufanyika. Mchungaji mwenyewe alikalishwa kwenye kiti karibu na mlango. Aliruhusiwa kusikiliza.

"Maandiko yako wazi," alisema mwalimu mstaafu.

"Yako wazi hata juu ya wasengenyaji," alijibu fundi bomba. "Mbona hao hatujawahi kuwaitia kikao?"

"Tungewaitia, nani angebaki kukiendesha?" aliuliza mwalimu.

Mzee wa nne, mshona nguo, aliyekuwa amesinzia tangu sala ya kufungua, alifumbua macho na kusema anaunga mkono. Hakuna aliyemuuliza nini.

"Katibu, chai imepoa," alisema Mwenyekiti.

Katibu akainuka, akaipasha moto, akamtilia sukari vijiko vitatu bila kumuuliza, akarudi kwenye kalamu yake.

"Ubatizo," alisoma. "Watoto mia mbili na kumi na wawili."

"Warudiwe," alisema Mwenyekiti.

"Wengine wana ndevu."

"Wanyoe, warudiwe."

"Mazishi."

Hapo fundi bomba aliweka kikombe chini. "Mama yangu alikata roho mkono wake umo ndani ya mkono wa huyu bwana. Usiku kucha hakuuachia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala. Sasa mnataka tumfukue?"

Mwenyekiti alifikiri. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alipenda kila kitu kikae kwenye rafu yake.

"Asifukuliwe," alisema. "Ahesabiwe alijizika mwenyewe."

Katibu akaandika.

"Na ndoa?" aliuliza, bila kuinua uso.

"Batili."

"Zote?"

"Kuanzia ya kwanza mpaka ya juzi."

Fundi bomba akakohoa. "Mwenyekiti, hapo kwenye ndoa tungepumzika kidogo. Watu wanyooshe miguu."

"Una wasiwasi wa nini? Mimi na wewe tulifungishwa na mchungaji wa zamani, marehemu. Haya hayatuhusu."

Fundi bomba alifungua mdomo, akamtazama Katibu, akaufunga.

"Niandike 'kuanzia ya kwanza'?" aliuliza Katibu.

"Andika. Piga na mstari chini."

Akapiga mstari. Aliupiga kwa rula.

"Dada Katibu," alisema fundi bomba polepole, "kweli wewe huna la kusema?"

"Katibu hana kura, kaka. Haongei, anaandika tu. Nimeshazoea."

Mwenyekiti alimgeukia mtu wa mlangoni. "Mchungaji, una neno? Fupi."

"Ninalo," alisema Mchungaji. "Miaka kumi na tisa niliwaficha jambo moja, mkanipenda. Jumapili sikuwaficha kitu. Nawaachia mpime wenyewe ni siku gani niliwakosea."

Mwalimu mstaafu alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Fundi bomba aliinamisha kichwa. Kwa muda mfupi ilionekana kama hoja ingeanguka.

"Tupige kura," alisema Mwenyekiti haraka.

Mikono mitatu ilipanda, wa mshona nguo ukisaidiwa kiwiko na mwalimu. Fundi bomba alikaa juu ya mikono yake. Hoja ikapita.

Katibu alisogeza karatasi mbele ya Mwenyekiti. "Soma kwanza. Ukishatia sahihi, azimio halifutwi mpaka kikao kikuu cha mwakani. Sheria mliipitisha wenyewe."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Hutaki kufikiri? Hata dakika moja?"

"Katibu, toka lini tukashauriana mimi na wewe?"

"Kweli," alisema Katibu. "Hatujawahi."

Mwenyekiti akatia sahihi, kubwa, yenye mkia.

Katibu aliupuliza wino ukakauka. Alivuta daftari la ndoa, akafungua ukurasa wa kwanza, akagonga muhuri wa BATILI juu ya mstari wa kwanza kabisa. Kisha akavua pete kidoleni na kuiweka kwenye kisahani cha Mwenyekiti.

"Marehemu alikuwa amelazwa hospitali wiki ya harusi yetu," alimwambia. "Ufunguo wa nyumba uko kwa mama yako tangu asubuhi. Mchungaji, nishikie mlango, tutoke wote."