Mti wa Ndoa ya Nakijwa

Kwa sheria ya sasa, kila ndoa hupewa mti mmoja wa mwituni. Mti ukifa, ndoa nayo imekwisha, hakuna cha rufaa. Wa Nakijwa ulifika kutoka milimani umenyauka ndani ya boksi. Alikata mizizi iliyooza, akaufunga kwa katani usitikisike kwenye chungu, akaufunika nailoni ushike unyevu. Kila asubuhi alikwaruza gome kwa ukucha kutafuta ukijani.

Hatimaye ukachipua. Nakijwa alikaa sakafuni kando ya chungu, akamwita mumewe kwa furaha.

“Baba Tumsifu, njoo uone. Umeshika.”

Mumewe aliinama, akagusa kijani kile kichanga. “Kweli,” akasema. “Mungu mkubwa.”

Kisha akaingia chumbani. Nakijwa akasikia zipu ya begi ikifunguliwa, na nguo zikirudishwa kabatini, moja moja.