Lango la Kileleni

Kila mwaka mpya familia zote zilipanda mlima, na lango la kileleni likapima moyo wa kila mmoja. Aliyekutwa moyo umechoka hakurudi tena nyumbani. Kwa hiyo Desemba nzima Nakunda alimpandisha na kumshusha ngazi mama mkwe wake, Bibi Namsifu. Siku yenyewe akambebea hata maji na kikapu cha chapati.

Langoni, taa ya kijani ikamwakia Bibi. Wajukuu wakamrukia kwa shangwe.

Nakunda akafuata, akihema na mizigo yake. Ikawaka nyekundu.

"Mama, njoo tule!" mtoto mdogo akaita.

Bibi akamtua kikapu taratibu, kisha akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo wa nyumba, mwanangu."