Raketi ya Kuchezea Tu

Kwa siku ya tatu mfululizo, askari wa kizuizi cha Mususa walimpa mkono kila mpita njia. Ni wale wale waliozoea kusalimia kwa kitako cha bunduki. Sofia, mwanamke wa Kiislamu asiyependa kushikana mikono na wanaume wa watu, alitoa wake shingo upande, kisha akateremka sokoni kufungua duka.

Vita vilikuwa vimefunga karibu barabara zote za Butembo, mashariki mwa Kongo, lakini marobota ya mitumba bado yalipenya kutoka Uganda, na humo Sofia alipata raketi za tenisi. Aliziuza kwa bei ya kutupa, na alikuwa na sababu. Kamanda wa mji alikuwa amefufua uwanja wa tenisi ulioachwa na Wazungu wa kahawa, upande wa pili wa kizuizi. Issaka, mtoto wa pekee wa Sofia, alicheza naye kila alasiri, na kwa ajili hiyo tu hakupelekwa mstari wa mbele. Sasa kamanda alikuwa amechoka kumshinda mtu yuleyule. Alitaka wachezaji wapya, la sivyo uwanja ungefungwa na Issaka angepewa bunduki. Tangu kusikia hayo, wiki mbili nzima, Sofia hakupata usingizi. Wacheza tenisi Butembo utawatoa wapi?

Adhuhuri aliingia mgeni, mkeka uliokunjwa begani. Alijitaja kuwa Malachie wa Mutwanga, akasema anatafuta raketi ya bei ya chini. Hakunyoosha mkono. Aliuweka kifuani akainama kidogo, na Sofia akampenda papo hapo. Hatimaye, mwanamume mwenye adabu.

"Minataka ya kucheza tu, Mama," alisema. "Hapana ya mashindano."

Sofia akamfundisha. Anayeanza achukue nyepesi, ya alumini, yenye uso mpana, maana hiyo husamehe mkono mgeni. Akishika mpini, kidole kimoja kipate kupita kati ya ncha za vidole na kiganja. Alimpa moja ajaribu, naye akamwomba Sofia aiweke mezani kwanza. Akaiokota, akaitazama bila hamu. Nyuzi hakuzigusa.

"Hii haiko na mufuko?"

Yenye mfuko ilikuwa moja tu. Mfuko wenyewe ulikuwa mrefu, wa turubai, wenye zipu, lakini raketi yake ilikuwa nzito na nyuzi tatu zimekatika. Sofia alimwambia wazi kwamba haifai. Mgeni akaichagua hiyohiyo. Maskini, hajui kitu, Sofia aliwaza, kamanda atafurahi kumshinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Malachie aliweka pesa mezani, akaomba pahali pa kubadilishia viatu. Sofia akamwonyesha pazia nyuma ya marobota. Alipotoka, mfuko ulikuwa begani, zipu imefungwa mpaka juu.

Issaka alipokuja kula, alimnyooshea mgeni mkono. Mgeni akainama tena, mkono kifuani.

"Mutoto yangu, nimekupatia mutu wa kucheza na commandant," Sofia alisema. "Umupitishe wewe mwenyewe kwa barrière. Wewe, basoda banakujua."

Waliondoka pamoja kuelekea kizuizini kwa askari. Siku hiyo Sofia alikula akashiba, na moyo wake ukatulia.

Karibu na saa kumi jirani yake Marie-Jeanne, muuza vitenge, alirudi kutoka nyumbani akipangusa kiganja kwenye kanga. Sofia alimtania kwamba askari wa kizuizini wameanza kumtaka. Marie-Jeanne hakucheka.

"Ile haiko salamu, Mama Issaka. Banatafuta Mai-Mai, bale ba porini banapigana na commandant. Mwenye bamemunawisha dawa ya vita, hawezi gusa mukono ya mutu mupaka amalize kazi. Mwenye atakatala mukono, njo yeye."

Sofia aliinuka. Alikwenda nyuma ya marobota, akafunua pazia. Mkeka ulikuwa umekunjuliwa sakafuni, na juu yake imelala raketi nzito yenye nyuzi tatu zilizokatika.