Mama Sindano

Hakuwa na kongosho linalofanya kazi, hakuwa na siku hata moja ya mapumziko tangu sukari impate utotoni, na leo hakuwa na hamu ya kujidunga tena. Vidole vyake vilijaa vitundu vya kupimia sukari, kama kitambaa kilichofumuliwa mshono.

"Mama Sindano," msimamizi wa kiwanda cha nguo alikoshona alimtania, akiitoa insulini yake kwenye friji ili soda zake zipoe. "Kwani ukiruka siku moja utakufa?"

"Nitakufa, bosi."

"Basi tutachanga sanda."

Mafundi wenzake hawakucheka.

Huyu bosi ndiye wa kumzika yeye? Thubutu!

Akachukua kichupa na sindano, akajidunga tumboni mbele ya bosi, kisha akamwandikia mwenye kiwanda yote. Mafundi wote wakatia sahihi. Akalamba bahasha, akaifunga, akaituma.